Mahali pa Mtoto

Simu iliita nikiwa nachambua maharagwe mlangoni, hapa Molo, na kabla sijasema haloo sauti ya mwanamke mzee ikaniambia, "Tabitha, Sajini ameenda." Sikuuliza ni nani. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kulitamka jina langu kwa kuivuta ile a ya mwisho, naye ni Mama Naomi, mke wa Sajini, zamani wa Bondeni pale Nakuru, siku hizi wa Lanet kwa kijana wake mdogo. Nikasema pole mama, pole sana, yale maneno mtu husema huku kichwa kiko kwingine. Akangoja nimalize pole zangu zote, kisha akasema mazishi ni Jumamosi na nije na koneti yangu, ile tarumbeta fupi. "Nipigie ile ya Naomi. Nataka azikwe nayo. Mimi siwezi kuiimba, unajua vile sauti yangu iko, lakini nikiisikia naijua. Pale mahali pa mtoto unapakumbuka?" Nikajibu, "Napakumbuka, mama." Huo ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo kabla haujanitoka mdomoni. Nilipoweka simu chini maharagwe yalikuwa yamemwagika na kuku walikuwa wanayadonoa.

Mahali pa mtoto ni kipande cha wimbo. Ni kifupi, pumzi mbili tu za koneti, lakini ili mtu aelewe jinsi mama mzima na akili zake anaweza kukiulizia kama anayemuulizia mtu, lazima nirudi kwa ule mwaka niliokuwa na miaka kumi na minane. Habari za wazazi wangu nitaziacha. Walikuwepo, walinilea, basi. Mwaka huo mimi niliishi hasa katika nyumba ya Sajini, nyumba ya kaunsili ya vyumba viwili, yenye ukuta ambao jirani akipiga chafya upande wa pili unamwambia afya. Sajini alikuwa amepiga muziki jeshini mpaka akastaafu, na kanisa letu likamwomba aanzishe bendi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba vyombo vilale kwake. Kwa hivyo chumba cha mbele hakikuwa na kochi wala kabati. Kulikuwa na tromboni na koneti zimetundikwa misumarini, ngoma kubwa imeegeshwa pembeni imefunikwa shuka, na harufu ya dawa ya kung'arisha shaba iliyoingia hata kwenye chai. Tulikuwa watu kumi na wawili, mimi msichana peke yangu. Wamama wa kanisa walisema midomo ya msichana haikuumbwa kwa shaba, ati nitaharibika meno nikose mume. Sajini alinichukua kwa sababu, alisema, mimi ndiye peke yangu ninayekuja mazoezini kabla sijala mandazi. "Hawa wengine wananijazia koneti makombo," alikuwa akisema. "Siku moja nitapuliza itoke andazi zima."

Bendi ilikuwa na kazi mbili, Jumapili kanisani na Jumamosi makaburini. Na makaburini tulikuwa na wimbo mmoja ambao hakuna bendi nyingine mjini ilikuwa nao. Sajini aliutunga alipofiwa na kifungua mimba wake, Naomi, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne. Tuliuita tu Ya Naomi. Haukuwa na maneno, na haukuandikwa popote, kwa maana Sajini, ambaye aliandika noti za kila kitu kingine kwa kalamu nyekundu, alikataa kabisa kuuweka huo kwenye karatasi. Sheria yake ilikuwa hivi: Ya Naomi haipulizwi bila jeneza. Ukitaka kuifanyia mazoezi, unaiimba kwa mdomo. Koneti ni ya siku yenyewe. Ukiupuliza wimbo huo bila maiti, alisema, umemwita mtu. Sisi tulikuwa watu wa kanisa na hatukutakiwa kuamini mambo kama hayo, lakini sijaona hata mmoja wetu aliyejaribu. Wimbo ulianza na bendi nzima, mwendo wa watu waliobeba mzigo. Katikati, kila mtu alinyamaza, hata ngoma, na koneti moja ikapiga peke yake zile pumzi mbili, halafu wote wakarudi mpaka kaburini. Hapo katikati ndipo palipoitwa mahali pa mtoto. Sajini alikuwa akipapiga mwenyewe, mpaka kifua kilipoanza kumsumbua, ndipo akaamua kunifundisha mimi.

Alinifundisha jikoni. Mama Naomi alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, sufuria ya githeri inatokota kwenye jiko la makaa, na Sajini amesimama mlangoni mikono nyuma kama yuko gwaride. Aliimba, nikarudia. Aliimba tena, nikarudia. "Hapana. Umemkimbiza. Alikuwa na miguu mifupi huyo." Nikarudia. "Sasa umemfanya analia. Hakuwa mtoto wa kulia." Jioni tatu tulifanya hivyo, na kila nilipokosea kisu cha Mama Naomi kiliendelea kumenya, krr, krr, bila kusimama. Jioni ya tatu nikaimba, na kisu kikasimama. Mama Naomi akafuta mikono kwenye leso, akanipakulia githeri sahani imejaa mpaka ukingoni, akasema, "Kula, mama. Huyo ndiye." Sijawahi kusifiwa vile tena, na nimefundisha shule miaka thelathini, nikapewa kadi na saa ya ukutani siku ya kustaafu.

Halafu akaja Bwana Gitau. Huyu alikuwa mtu wa televisheni, amesomea Amerika, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari ungeweza kukata mkate. Walikuwa wanaanzisha kipindi cha mpira, kila Jumamosi jioni, na alikuwa anazunguka miji kutafuta bendi ya kumpigia muziki wa kufungulia. Alikuja na kinasa sauti na kaseti, akatuketisha kwenye ukumbi wa kanisa akatuchezea kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia. Pembe nyingi, ngoma za kugonga kifuani, halafu tap, imekwisha. "Huo ni wa mpira wa Amerika," akasema. "Huko mpira wanaushika na mikono, na wanavaa helmeti." Kiprono, kijana wetu wa tromboni, akauliza, "Sasa boss, huo ni mpira ama ni vita?" Tukacheka. Gitau hakucheka, alipenda sana hadithi yake. Alituambia kwamba mwanzoni televisheni za huko hazikuwa na muziki wao; zilichukua tu machi, zile nyimbo za gwaride, za bendi za shule na za jeshi zilizokuwa uwanjani. Baadaye wakawa wananunua muziki uliotengenezwa tayari, umepangwa kwenye rafu, mtu anachagua kama anayechagua kitambaa. Halafu wakagundua kwamba ule muziki ndio unaoita watu. Mtu yuko jikoni, yuko chooni, akisikia pembe zimelia anakimbilia kiti. Basi wakaanza kuita watunzi wakubwa, wakawapa orkestra nzima, wawatengenezee sekunde chache ambazo nchi nzima itazijua. "Sekunde thelathini," Gitau akasema, akainua saa yake. "Mtu akizisikia, ata kama amekufa, anaamka."

Sajini hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Subukia kwa matanga ya shemeji yake. Tukampigia Gitau machi tatu, akatikisa kichwa. Tukampigia wimbo wa kanisa, akatazama dirishani. "Hizi nimezisikia kila mji. Kwani nyinyi hamna kitu yenu?" Watu wakatazamana, na mimi nikaanza kufikiri kwa namna ambayo mpaka leo naionea aibu. Nikajiambia: sheria inasema Ya Naomi isipulizwe bila jeneza. Lakini Ya Naomi ni wimbo wa polepole. Tukiupiga mbio, utakuwa si ule. Hakuna aliyetukataza kuupiga mbio. Naandika haya nikiwa mwanamke mzima na bado naona vile hoja yenyewe ilivyokuwa nzuri, imenyooka kama ya wakili, na vile ilivyokuwa imeoza. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikika. Nilitaka wale wamama wa meno wakae mbele ya televisheni waisikie koneti yangu. Nikamnong'oneza Kiprono, akanishika mkono. "Tabi, hiyo hapana. Mzee atasema nini?" Nikamwambia, "Tukiipiga mbio si hiyo, wewe! Hata yeye hataijua." Nikasimama, nikapuliza ile sehemu ya mwanzo kwa mwendo wa farasi. Gitau aliruka kutoka kitini. "Hiyo! Hiyo hapo!"

Tuliipiga mara nne akishika saa, kinasa sauti kikizunguka. Mara ya kwanza tulipofika mahali pa mtoto, ngoma zikanyamaza kwa mazoea na mimi nikaanza zile pumzi mbili. Gitau akapunga mkono. "Simama, simama. Hapa katikati mnalala. Toa hiyo. Ruka moja kwa moja mwisho." Vijana wote wakanitazama mimi. Ningeweza kusema haitoki. Ningeweza hata kusema ngoja mwenyewe arudi. Nilisema, "Sawa." Ikatoka, na sekunde zikawa thelathini kamili, na Gitau akatununulia soda na mkate wa siagi tukala tukicheka kama watu wametoka arusi. Siku hizi mjukuu wangu hunionyesha kwenye simu michezo ya huko Amerika, na nasikia pembe zilezile, wakati mwingine wameongeza gitaa, wakati mwingine kuna mtu anaimba na moto unaruka nyuma yake. Ni muziki mzuri, siwezi kudanganya. Ila kila nikiusikia najiuliza nini kiliachwa nje ndipo ukaenea kwenye sekunde zake.

Kipindi kilipoanza, sisi tulikuwa kwenye hoteli iliyo karibu na soko, pale palipokuwa na televisheni ya milango ya mbao. Hoteli ilijaa mpaka watu wakasimama juu ya mabenchi. Sajini alikuwa ameketi mbele na kikombe cha chai, tumempa heshima ya kiti, kwa maana tulikuwa tumemwambia tu kwamba bendi yake itasikika na tukamficha mengine. Ikalia. Watu wakapiga makofi, mtu akapiga mluzi, wakaanza kugonga meza kufuata ngoma. Nilikuwa nikimtazama Sajini kisogoni. Alikaa vile alivyokaa mpaka ikaisha, akakiweka kikombe kwenye kisahani, akageuka pole pole. "Koneti ni nani?" Nikasema ni mimi, Sajini. Akaniangalia, na hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo! Akauliza, "Na mtoto umemweka wapi?" Akainuka akatoka, watu wakimpa mkono njia nzima, hongera mzee, hongera, naye akiwashika mkono mmoja mmoja. Nilimfuata mpaka kwake. Mama Naomi alikuwa amesimama nje ya mlango bila viatu, leso imefungwa kichwani kama anayekwenda kwenye kilio. Sauti ilikuwa imefika mpaka kwake. "Nilitoka nikidhani kuna msiba," akaniambia. "Nikauliza majirani ni nani amekufa. Wakaniambia ni mpira."

Hata hapo nilijidanganya kwamba yataisha. Wiki sita hivi baadaye tulimzika mama mmoja wa Kaptembwo, mke wa fundi wa viatu, aliyefia kwenye uzazi pamoja na mtoto. Jeneza moja, wawili ndani. Tulianza Ya Naomi pale kwenye lango la plot walimopanga nyumba, polepole kama inavyotakiwa, na hatukuwa tumefika barabarani watoto wakaanza kutoka vichochoroni. Wanajua wimbo. Kila Jumamosi wanausikia. Walikuja wakikimbia kando ya jeneza wakipiga makofi mbio mbio, kwa mwendo wa televisheni, wakituhimiza tuwafuate, na mmoja aliyekuwa na mpira wa makaratasi akaurusha juu. Mlevi aliyekuwa ameegemea ukuta akapaza sauti, "Gooool!" Watu wakacheka. Si watu wabaya. Kicheko kiliwatoka tu, hata wengine waliobeba jeneza nikaona mabega yanatikisika. Fundi wa viatu aligeuka akatutazama sisi, wenye vyombo, na mdomo wake ulikuwa wazi. Sajini akashusha mkono. Bendi ikafa katikati. Tulitembea mpaka makaburini bila muziki wowote, viatu tu na vumbi, na watoto wakatuacha njiani kwa kuwa mchezo ulikuwa umeharibika.

Siku iliyofuata nilienda kuomba msamaha. Nilikuwa nimejipangia maneno. Sajini alikuwa kwenye chumba cha mbele anavishusha vyombo misumarini, kimoja kimoja, anavifunga kwa magunia ya kurudisha kanisani. Nikapiga magoti. Akasema, "Simama, unajichafua." Nikasema Sajini nitamwambia Gitau aiondoe. Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, Tabitha." Nikamwomba basi tuitunge nyingine ya makaburini, hiyo tuwaachie wa mpira. "Mimi nilikuwa na Naomi mmoja," akasema. Kisha akanipa koneti mikononi, ikiwa bado ina joto la kitambaa alichokuwa anaing'arishia. "Hii uende nayo. Lakini hapa usirudi." Mama Naomi alikuwa jikoni na nilisikia kisu, krr, krr. Sikwenda kumuaga, niliogopa kitasimama. Mwaka huo haukuwa umeisha nikaitwa chuo cha ualimu, nikaondoka Nakuru, na ule muziki ukanifuata kila mji nilioandikwa kazi, kila Jumamosi jioni, miaka na miaka, mpaka walipoubadilisha wakaweka wa mashine.

Basi baada ya simu ya Mama Naomi nilikuwa na siku nne. Niliitoa koneti kwenye sanduku, nikaipaka mafuta, na sikuipuliza. Hiyo sheria angalau sikuivunja mara ya pili. Nikaimba kwa mdomo, jikoni, nikipika, nikifagia. Mwanzo ulikuja, mwisho ukaja. Katikati hapakuwa na kitu. Nilijaribu kujidanganya kwa kuanza mbali, nikiimba bila kufikiri, nikitumaini miguu itaijua njia yenyewe, na kila mara niliruka moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, sekunde thelathini kamili. Nikamtafuta Kiprono, siku hizi ni mzee wa kanisa kule Rongai, mvi mpaka kwenye nyusi. "Hapo?" akasema kwenye simu. "Tabi, mimi hapo nilikuwa nimenyamaza kama wengine. Nilikuwa nahesabu tu nijue nitarudi wapi." Nikamuuliza kama kuna yeyote wa ile bendi. "Hapo hapakuwa na mtu mwingine. Ulikuwa wewe na mzee." Akasema tena, kwa upole, "Ata ukipiga kitu ingine, nani atajua? Mama ni wa miaka themanini na kitu." Usiku na mchana nililitafuna neno hilo, na Ijumaa nikatunga. Nilitunga pumzi mbili. Sikuzikimbiza, sikuzifanya zilie. Nilikumbuka alichosema juu ya miguu mifupi. Ulikuwa muziki mzuri, pengine mzuri kuliko chochote nilichowahi kufanya, na nililala nikijiambia kwamba labda ndio wenyewe umerudi kwa mlango wa nyuma.

Mazishi yalikuwa nyuma ya nyumba, pale Lanet, kwenye shamba dogo la kijana wao. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na kijana wa kushika maiki aliyesoma kwenye kijitabu kwamba marehemu ndiye aliyetunga ule muziki wa mpira wa zamani, mnaukumbuka? Wanaume wa makamo wakaitikia kwa kelele, wakatazamana wakitabasamu. Mama Naomi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, mikono juu ya blanketi. Nilipopita mbele yake aliinua kidole kimoja tu. Waliposhika kamba kushusha jeneza, nikaweka koneti mdomoni. Niliupiga polepole, polepole sana, na zile tabasamu zikaanza kufifia moja moja, watu wakavua kofia. Kiprono alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi. Nikafika mahali pale. Nikavuta pumzi, nikapiga ya kwanza, nikapiga ya pili, na hakuna aliyetikisika. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nikamaliza wimbo, udongo ukaanza kuanguka, na mchungaji akaniambia barikiwa mama, barikiwa sana.

Nilingoja watu wapungue ndipo nikaenda kuinama mbele ya kile kiti. Mama Naomi aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa baridi na myepesi. "Asante mama," akasema. "Umepiga vizuri. Umepiga vizuri sana." Nikasema asante mama, pole mama. Hakuniachilia. Alikuwa anatazama wale vijana wanavyosawazisha udongo kwa migongo ya majembe.

"Lakini huyo si Naomi," akasema. "Mimi nilidhani wewe ndiye umebaki naye."